Vijana waliohamia mjini kikazi wanasali Jumapili na kuondoka: tuwapokeeje parokiani?

Mwenyekiti wa Jumuiya (Dar es Salaam) anauliza:

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Ninaongoza jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo, yaani familia jirani zinazosali pamoja nyumbani kwa zamu, katika parokia iliyoko pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Morogoro, mahali ambapo kwa miaka ya karibuni nyumba za kupangisha zimezidi nyumba za wenyeji. Familia zilizojenga hapa tunazifahamu zote. Zina kadi za zaka, zinapokezana kupokea jumuiya, na mtoto wao akifika umri wa Komunyo ya Kwanza au Kipaimara hakuna anayeuliza ni wa nani. Wasiwasi wangu ni juu ya kundi jingine, ambalo tunaliona kila Jumapili na hatulijui. Ni vijana wa kati ya miaka 22 na 35, wengi wao wamekuja kutoka Kagera, Kilimanjaro, Rukwa na Ruvuma, yaani mikoa ambayo Ukatoliki umeota mizizi kwa vizazi kadhaa. Wako walimu wa shule binafsi, mafundi, wauguzi, wauzaji wa maduka ya simu, waendesha bodaboda na wahasibu. Misa ya kwanza wanajaa hadi nje, wanasimama chini ya turubai, wanaimba Utukufu kwa sauti inayoonyesha kwamba walilelewa kanisani, kisha baraka ya mwisho ikishatolewa wanatawanyika kabla wimbo haujaisha.

Katika halmashauri ya walei, yaani waamini wasio mapadri wala watawa, nimesikia ikisemwa mara nyingi kwamba vijana wa siku hizi hawapendi mambo ya Mungu. Mimi siwezi kukubaliana na kauli hiyo, kwa sababu mtu asiyependa mambo ya Mungu haamki saa 11 alfajiri siku yake pekee ya mapumziko ili aende kusimama nje ya kanisa. Ninachokiona ni kwamba hatuna mahali pa kuwaweka. Alipokuwa sekondari kijana huyu alikuwa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki wa sekondari, alipofika chuo alikuwa TMCS, chama chao cha vyuoni, na huenda alikuwa kiongozi huko. Akihitimu na kuanza kazi anakuta VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, ya parokia yetu imejaa watoto waliotoka kupokea Kipaimara mwaka jana. WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wanamtazama binti kama mtoto kwa kuwa hajaolewa, na UWAKA, chama cha wanaume, vivyo hivyo kwa mvulana. Kati ya kuhitimu chuo na kufunga ndoa kuna miaka mingi ambayo kwetu haina kiti.

Siku za karibuni lilitokea jambo ambalo limeninyima raha. Kijana mmoja mpangaji katika mtaa wetu aliugua ghafla akalazwa, na mama mwenye nyumba wake, ambaye si Mkatoliki, alikwenda ofisi ya parokia kuomba padri ampatie Mpako wa Wagonjwa. Swali la kwanza aliloulizwa pale lilikuwa jina la jumuiya ya mgonjwa, naye hakujua lolote la kujibu. Padri alipopata habari alikwenda hospitali mara moja, na kijana amepona. Lakini nyumba anayopanga iko hatua chache kutoka kwangu, na mimi nilikuwa sijui kwamba pale anaishi Mkatoliki.

Ninaomba ushauri wa watu waliokwisha kulifanyia kazi jambo hili. Wapo wanaopendekeza tuanzishe jumuiya ya vijana peke yao, na wapo wanaosema hilo litatugawa. Wengine wanaona tuanze kwa kutangaza kanisani kwamba kila mpangaji ajiandikishe kwa mwenyekiti wa jumuiya, ingawa nina shaka na njia hiyo, kwa kuwa tumekwisha kutangaza mara nyingi na aliyejitokeza ni mmoja mmoja.

---

Muuguzi wa Zamu anajibu:

Milele amina. Shikamoo mwenyekiti, na shikamooni wazee wote mtakaosoma.

Mimi ni mmoja wa hao mnaowaona wakisimama chini ya turubai, ingawa ni katika parokia nyingine, kwa hiyo nitasema upande wetu kwa heshima zote. Nilipohamia Dar es Salaam kikazi nilikwenda kusali jumuiya katika wiki zangu za kwanza, kwa sababu mama yangu alinisisitiza kwamba ugenini jumuiya ndiyo ndugu. Tulisali vizuri, tulisoma Injili ya Jumapili inayofuata, tukashirikishana. Kisha ukaja wakati wa matangazo. Katibu alifungua daftari la michango na kuanza kusoma: ujenzi wa nyumba ya mapadri, tegemeza jimbo, rambirambi mbili, jubilei ya sista, sare za kwaya. Aliponifikia aliuliza, "Na huyu dada mgeni tumwandikie shilingi ngapi?" Jina langu alikuwa bado hajaliuliza. Niliandikiwa kiasi ambacho kilikuwa karibu sawa na nauli yangu ya wiki, nikalipa, na juma lililofuata sikwenda.

Siandiki haya kwa kinyongo, kwa maana ninajua kwamba Kanisa letu linajengwa kwa mikono yetu wenyewe na kwamba wale akina mama walikuwa wanatoa zaidi yangu. Ninachoomba kieleweke ni mpangilio wa mambo. Mtu akishajulikana, akishaulizwa anatoka wapi na wazazi wake hawajambo, mchango anautoa mwenyewe bila kuandikiwa na yeyote. Anayeanza maisha mara nyingi anapeleka fedha nyumbani kusomesha wadogo zake, analipa kodi ya chumba ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na bado anaona haya kusema mbele ya wazee kwamba hana.

Jambo la pili ni saa. Jumuiya nyingi zinasali Jumamosi saa 12 asubuhi, na muda huo mimi niko wodini nikisubiri kukabidhi zamu. Anayeuza duka yuko njiani kwenda kufungua, na mwendesha bodaboda yuko kwenye abiria wake wa kwanza. Saa hiyo ilipangwa na watu ambao Jumamosi wako nyumbani, na haikuwa vibaya kuipanga hivyo wakati ule.

La tatu ni dogo lakini linatuumiza wengi. Jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba, na ikifika zamu ya mpangaji anatafuta udhuru. Chumba changu kina kitanda, jiko la gesi na ndoo za maji. Watu wanane wakiingia hakuna pa kukanyaga, na uwanja ni wa mwenye nyumba ambaye ana wapangaji wengine wa dini nyingine. Asiyeweza kupokea jumuiya huanza kujiona mdaiwa, na mdaiwa hujificha.

Kilichonirudisha mimi ni mama mmoja wa WAWATA. Alinikuta nje baada ya Misa, akaniuliza ninakaa wapi, kisha akaniambia kwamba jumuiya yao ndiyo yenye zamu ya liturujia Jumapili mbili zijazo na hawana mtu wa kusoma somo la pili. Akaandika namba yangu na kesho yake akanipigia kunijulisha kwamba somo ni la Waraka kwa Wakolosai na kwamba nifike nusu saa kabla tukafanye mazoezi. Baadaye alinieleza kwamba ikifika zamu yangu ya kupokea jumuiya tutasalia barazani kwake na jina litakalotangazwa litakuwa langu. Tangu hapo sijahitaji kubembelezwa. Kwa hiyo, mwenyekiti, tangazo la jumla halitawafikia vijana wenu. Tumeni mtu mmoja kwa mtu mmoja, naye aende akiwa na kazi mkononi ya kumkabidhi.

---

Padri Msaidizi anajibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Ninamshukuru mwenyekiti kwa swali lake na dada muuguzi kwa ukweli wake. Nitaanza na suala la nani hasa ni mwanaparokia, kwa sababu naona makosa mengi ya mapokezi yanaanzia hapo.

Katika parokia zetu imezoeleka kwamba mtu ni wa parokia anapokuwa na kadi, ameandikwa katika daftari la jumuiya na ameleta barua ya utambulisho kutoka alikotoka. Utaratibu huo una faida zake katika uchungaji, nami sisemi uachwe. Hata hivyo, Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinasema jambo pana zaidi. Kanuni ya 518 inaeleza kwamba parokia kwa kawaida ni ya eneo, inakumbatia waamini wote wa eneo hilo. Kanuni ya 107 inasema kwamba kila mmoja anampata paroko wake kwa makao yake ya kudumu au makao yake ya muda. Na Kanuni ya 102 inafafanua kwamba makao ya muda yanapatikana kwa kuishi mahali ukiwa na nia ya kukaa walau miezi mitatu, au kwa kuwa umekwisha kukaa kweli miezi hiyo mitatu. Maana yake ni kwamba kijana aliyepanga chumba mtaani kwenu kwa mkataba wa miezi sita alikuwa mwanaparokia siku ile aliyoingiza godoro lake ndani. Hatumfanyi kuwa mwanaparokia kwa kumwandikisha. Tunamwandikisha kwa kuwa ni mwanaparokia tayari, na wajibu wa kumtafuta uko kwetu. Kanuni ya 529 inamtaka paroko ajitahidi kuwafahamu waamini waliokabidhiwa kwake, atembelee familia, na awahangaikie kwa namna ya pekee walio wapweke na walio mbali na kwao. Sijui ni nani aliye mbali na kwao kuliko mwalimu wa Sumbawanga anayeishi peke yake Mbezi.

Katika sakramenti za wagonjwa mahututi suala la kadi halina nafasi kabisa, na ninashauri kila parokia iwaelekeze hivyo watumishi wa ofisi kwa maneno ya wazi. Anayepokea simu au anayekaa mezani ofisini ndiye uso wa kwanza wa parokia kwa mgeni. Swali la kwanza liwe mgonjwa yuko wapi na hali yake ikoje. Habari za jumuiya zitafuata.

Kuna jambo ambalo ofisi zetu zingeweza kuwafanyia vijana hawa nao wakaona wazi kwamba wamepokelewa. Wengi wanahitaji cheti kipya cha ubatizo kwa ajili ya ndoa. Cheti hicho si urasimu mtupu, kwa sababu Kipaimara na ndoa huandikwa katika kitabu cha ubatizo cha parokia alikobatizwa mtu, kama inavyoagizwa na Kanuni ya 535, na hivyo kitabu hicho ndicho kinachoonyesha kama mtu yuko huru kufunga ndoa. Lakini kumwambia kijana aombe likizo kazini, apande basi hadi Bukoba au Mpanda kufuata karatasi hiyo, ni kumtwisha mzigo ambao ofisi ingeweza kuubeba kwa barua na simu ya paroko kwa paroko. Tunapoandika kwa niaba yake, akapigiwa simu kwamba cheti chake kimefika, anajua kwamba kuna watu wanaomshughulikia.

Kuhusu wazo la vijana kushirikishwa, hilo halikuanza jana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, ulisema kwamba vijana wenyewe wanapaswa kuwa mitume wa kwanza wa vijana wenzao. Baada ya Sinodi ya Oktoba 2018 iliyohusu vijana, Papa Fransisko alitia saini Wosia wa Christus Vivit huko Loreto tarehe 25 Machi 2019, na humo akasisitiza kwamba vijana ni watendaji wa uchungaji wa vijana, wanaohitaji kusindikizwa na kuongozwa, lakini wakiachiwa uhuru wa kubuni njia mpya kwa ari na ujasiri. Ninawaomba viongozi wa walei wasome hasa sura ya saba ya wosia huo kabla ya kupanga lolote. Katika vikao vyetu vingi kijana anatajwa katika ajenda moja tu, ya nani atapanga viti na nani atabeba vyombo. Wakati huohuo parokia ina mhasibu wa miaka 28 anayesali nje ya kanisa, na kamati ya fedha inahangaika na vitabu vyake.

---

Katekista Mstaafu (Ruvuma) anajibu:

Milele amina. Nimesoma yote kwa makini. Mwenyekiti ameuliza kuhusu kuanzisha jumuiya ya vijana peke yao, na hapo ndipo ningependa kusimama kidogo, kwa kuwa nilikuwapo tangu jumuiya zilipoanza kuundwa katika vijiji vyetu.

Maaskofu wa nchi za AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokubaliana mwaka 1973, na kulitilia mkazo tena mwaka 1976, kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa uchungaji wetu, shabaha ilikuwa ni kwamba Kanisa liishi pale watu wanapoishi, jirani na jirani. Bibi, mjane, mwenye ndoa, mtoto na kijana wanasali pamoja kwa sababu wanachota maji pamoja na wanazikana pamoja. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ikatuongezea lugha ya Kanisa kama Familia ya Mungu. Ukiwatenga vijana katika jumuiya yao, umewapa saa nzuri na nyimbo nzuri, lakini umewanyima wazee, na sisi wazee umetunyima vijana. Kijana wa mjini hana shangazi wala babu karibu. Akifiwa na mzazi kijijini, wenzake wa rika watamchangia nauli kwa simu usiku huohuo, na hilo ni jema sana, lakini mtu wa kukaa naye kitako na kumwambia namna ya kusimama mbele ya jeneza la baba yake ni mzee wa jumuiya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba jumuiya ibaki ya eneo, lakini ikubali kubadilika. Dada muuguzi amesema juu ya saa. Kwa nini jumuiya yenye wapangaji wengi isisali Jumapili jioni, au Jumatano saa 2 usiku, au isipokezane, juma hili asubuhi na juma lijalo jioni? Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Roho Mtakatifu hushuka Jumamosi alfajiri. Kisha vijana wawe na kikundi chao cha kanda au cha parokia kinachokutana mara moja kwa mwezi kwa mambo ya rika lao: kazi, uchumba, mikopo, upweke, majaribu ya rushwa kazini. Kikundi hicho kiwe nyongeza, kisiwe badala ya jumuiya.

Pia mnisamehe nikigusa jambo ambalo wengi wanaliona na hawalitaji. Sehemu ya vijana wanaokwepa jumuiya wanaishi na wenzi bila ndoa, katika kile tunachokiita uchumba sugu. Wanajua wakijitokeza wataulizwa, mbele ya watu, kwa nini hawapokei Komunyo na yule dada anayeishi humo ndani ni nani. Katika miaka yangu ya ukatekista nimekutana na wengi wa namna hiyo, na ninashuhudia kwamba wachache sana walikuwa wanaidharau ndoa. Walichokuwa wanaogopa ni gharama ya harusi: kamati, ukumbi, mavazi, kadi za mchango, na mahari ambayo haijaisha. Hakuna aliyekuwa amekaa nao akawaeleza kwamba Kanisa linachodai ni ridhaa yao iliyo huru mbele ya padri au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi wawili, baada ya mafundisho na matangazo, na kwamba karamu si sehemu ya sakramenti. Nilikuwa na desturi ya kwenda kuwaona jioni, kwa miguu, bila daftari, na siku ya kwanza siulizi chochote cha ndoa. Tulizungumza habari za kwao na za kazi. Baada ya kuniamini waliuliza wenyewe. Wapo waliofunga ndoa katika Misa ya siku ya kazi, wakanywa chai na mashahidi wao, na leo ndio viongozi wa jumuiya.

Mwenyekiti asielewe kwamba ninashauri tulegeze mafundisho. Kijana anatambua upesi anapodanganywa, na atatuheshimu zaidi tukimwambia ukweli wote wa imani. Ila ukweli huo aambiwe faraghani na mtu anayemfahamu, si mbele ya jumuiya nzima na mtu aliyemwona mara ya kwanza.

---

Kijana wa Goma anajibu:

Salamu kutoka Kongo, wazee wangu na ndugu zangu.

Ningependa kuongeza neno moja kuhusu kazi ya kumkabidhi kijana, kwa sababu nimeona mifano mingi iliyotajwa hapa inahusu kazi za ndani ya kanisa, yaani masomo, kwaya na fedha. Sisi Goma tuna mwenzetu aliyetangazwa Mwenye Heri, hatua iliyo kabla ya kutangazwa mtakatifu, huko Roma tarehe 15 Juni 2025, naye ni Floribert Bwana Chui. Alizaliwa hapa mwaka 1981 na alikuwa mtumishi wa ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa zinazovuka mpaka. Alikataa kupokea fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni, na Julai 2007 alitekwa na kuuawa akiwa na umri wa miaka 26. Umri huo ni wa vijana wale wale mnaowazungumzia, na majaribu yake ni yale wanayokutana nayo kila siku bandarini, mpakani na maofisini.

Jambo ninalotaka mlitazame ni mahali imani yake ilipokomaa. Alikuwa katika Jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo ilianzishwa Roma mwaka 1968 na wanafunzi wa sekondari, na kazi aliyoifanya pamoja na wenzake ilikuwa kuwahudumia watoto wa mitaani wa mji wetu. Kijana huyu msomi, mwenye kazi ya heshima, alikuwa na watoto aliowajua kwa majina, ambao wangekula chakula kile kibovu kama angekiruhusu. Nadhani mtu mwenye uhusiano wa namna hiyo na maskini anapata nguvu ya kukataa rushwa ambayo mahubiri peke yake hayawezi kumpa.

Kwa hiyo parokia zinazotaka kuwapokea vijana wafanyakazi ziwaulize pia ni maskini gani wa parokia watakaowachukua kuwa wao. Wako wagonjwa wasiotembelewa, wafungwa, wazee wanaoishi peke yao, watoto walioacha shule. Muuguzi, mwalimu na fundi wa umeme wana ujuzi ambao kwa watu hao ni wa thamani kubwa. Tena wakifanya kazi hiyo wawili au watatu pamoja watakuwa marafiki, na kijana aliyehamia mji mkubwa anahitaji rafiki kabla ya kikao.

---

Mwenyekiti wa Jumuiya anaandika tena:

Ninawashukuru nyote kwa moyo. Nimezungumza na katibu wangu pamoja na mama mmoja wa WAWATA, na tumekubaliana mambo ambayo tutayaanza bila kusubiri kikao cha halmashauri. Jumuiya itasali Jumapili jioni kwa majuma mawili ya kila mwezi. Kwa mgeni daftari la michango halitafunguliwa katika mikutano yake ya kwanza, na anayeishi chumba kimoja atapokea jumuiya katika baraza ya jirani kwa jina lake mwenyewe. Kuhusu kuwatafuta, tutapita nyumba kwa nyumba wawili wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, na tutaanza na wenye nyumba, kwa kuwa wao ndio wanaojua nani ametoka wapi na nani huenda kanisani Jumapili. Yule kijana aliyekuwa mgonjwa nimemtembelea. Ni fundi wa majokofu, na huko chuoni alikuwa mwalimu wa kwaya. Amekubali kuwa mmoja wa watakaopita.

Nina swali moja kwa padri. Katika wapangaji wetu wapo wanaohama mara kwa mara, leo Kimara, baada ya miezi minne Gongo la Mboto. Je, wakitaka kuanza mafundisho ya ndoa kwetu kisha wakahama, waanze upya?

---

Padri Msaidizi anajibu:

Hapana, mwenyekiti, wasianze upya. Katika ndoa sheria ni pana hata kuliko ile ya makao niliyoitaja, kwa kuwa Kanuni ya 1115 inaruhusu ndoa ifungwe katika parokia ambako mmoja wao ana makao ya kudumu, au makao ya muda, au amekaa mwezi mmoja, na kwa ruhusa ya paroko wao inaweza kufungwa mahali pengine. Wakihama, katekista wenu aandike katika karatasi moja ni mafundisho gani wamekwisha kuyapata na lini, paroko atie saini na muhuri, na nakala ibaki ofisini kwenu. Kisha wewe mwenyewe umpigie simu mwenyekiti wa jumuiya ya huko wanakohamia, umtajie majina yao na nyumba wanayohamia, ili awe amekwisha kufika kwao kabla ya Jumapili ya kwanza. Namba za wenyeviti wa kanda utazipata katika ofisi ya parokia husika, na kama ni ndani ya jimbo, ofisi yenu inaweza kukuunganisha siku hiyohiyo.